Ahadi Zilizopigiwa Makofi

Jumamosi ya harambee, Asenath alimwogesha binti yake Joy kwenye karai nyuma ya nyumba, akampaka mafuta ya nazi miguuni, akamvika gauni la Krismasi, kisha akachuchumaa kando ya kitanda ili Joy amlalie mgongoni. Alimfunga kwa leso mbili, moja kifuani na moja chini ya makalio, kwa sababu mikono ya Joy haikuwa tena na nguvu ya kushika shingo ya mtu. Joy alikuwa na miaka kumi na mitatu. Vidole vyake vya miguu viliburutika njia nzima hadi uwanja wa mpira wa Garsen, vikichora mistari miwili kwenye tope lililokauka baada ya mafuriko ya El Nino.

"Mama, nimekuwa mzito?"

"Umekuwa mzito. Ndiyo maana tunakwenda."

Ugonjwa ulianza Joy akiwa darasa la kwanza. Alikuwa akianguka bila kujikwaa. Ili asimame, ilimbidi ajipande mwenyewe kama mtu anayekwea mnazi: mikono kwenye magoti, kisha mapajani, kisha kiunoni, hadi awe wima. Daktari wa Mombasa alimwambia Asenath kwamba misuli ya mtoto inanyauka, kwamba dawa hakuna, na kwamba kichwani mtoto hana kasoro yoyote.

"Mpatie kiti cha magurudumu," alisema, "na usimtoe shule."

Asenath alimpenda daktari yule kwa sababu hakuzunguka mbuyu. Alirudi nyumbani kufuata maagizo yote mawili. La pili aliliweza, kwa mgongo wake. Kila asubuhi alimbeba Joy hadi shuleni, akamweka kwenye dawati, akakimbia kufungua meza yake ya ndizi na maembe pale yanaposimama mabasi ya Lamu na Malindi, na jioni akarudi kumchukua. Mumewe alifanya kazi bandarini Mombasa na alikuja nyumbani mwisho wa mwaka, kwa hiyo hakukuwa na mgongo mwingine.

Mwaka huo wa 1998 Joy aliingia darasa la nane, na mgongo wa Asenath ukaanza kukataa. Zilikuwapo asubuhi ambazo alichuchumaa na asiweze kuinuka. Mwalimu mkuu, Bwana Iha, akamwita ofisini.

"Mama Joy, hakuna mtoto wa kumfikia Joy kwa hesabu katika shule hii. Hata mimi naogopa akiinua macho. Lakini siwezi kumfanyisha mtihani mtoto wa leo yupo, kesho hayupo. Muhula wa tatu nataka kumwona kila siku."

"Utamwona."

"Kwa njia gani?"

"Nikishaijua nitakwambia."

Njia ilikuwa Chama cha Watoto wa Misuli Dhaifu. Mwenyekiti wake, Bwana Zadock, alikuwa mtu mwenye sauti nzuri na suti ya kijivu. Alikuwa ameshaendesha harambee za kanisa, za bomba la maji na za mazishi, na zote zilifana. Hii nayo ilifana. Palikuwa na mahema, viti vya kukodi, na kipaza sauti kilichopiga miluzi kila mtu alipokisogelea. Joy aliegemezwa kwenye mito mbele ya watu, kando ya jogoo wa mnada. Jogoo alinunuliwa, akarudishwa mezani, akanunuliwa na mwingine, akarudishwa tena, kama ilivyo desturi. Joy alimwonea huruma, akamtilia punje za mchele.

Kisha ikafika sehemu ya ahadi, ambayo watu huipenda kuliko zote. Mtu husimama, hutaja anachotoa, na watu hupiga makofi. Garsen, ahadi ikishapigiwa makofi huchukuliwa kuwa imetolewa. Kumkumbusha mtu baadaye ni kumtukana yeye na baba yake. Siku hiyo wafugaji walisimama mmoja baada ya mwingine na kuahidi mitamba, kwa sababu kila aliyeketi aliona aibu kuzidiwa na jirani yake. Mwisho akasimama mgeni wa heshima, Mheshimiwa Dukicha, akaahidi kiti cha magurudumu, kipya, cha kung'aa. Makofi yalimfukuza jogoo chini ya meza. Pesa zilizokuwa ndani ya sanduku la michango zililipia mahema, kipaza sauti na pilau ya wageni.

Ng'ombe walifika Jumapili alfajiri.

Asenath alipofungua mlango kwenda kuchota maji, aliwakuta wamejaa uani. Walikuwa ng'ombe wazuri, wenye nundu na pembe ndefu, isipokuwa mtu aliweza kuona ua kupitia mbavu zao, kama anavyoona chini ya sufuria kupitia maziwa yaliyotiwa maji mengi. Barabarani, nyuma yao, kiti cha magurudumu kilikuwa kikija chenyewe polepole, kikikwepa mashimo.

Dahabo, mama mfugaji wa Kiorma aliyemletea maziwa kila asubuhi, alitua kibuyu chini na kulizunguka kundi.

"Hii ng'ombe ya ahadi," alisema. "Hii, angalia sikio, hii alama ya mzee Galma. Na ile ya shemeji yangu. Mama Joy, shemeji yangu ile hajanipa hata maziwa ya chai, leo ametoa mtamba!"

"Wanakamuliwa?"

Dahabo alichuchumaa akapeleka mkono kwenye kiwele. Mkono ukatokea upande wa pili.

"Hapana. Hii itakula tu."

"Itakula vipi na tumbo lenyewe naliona tupu?"

"Ahadi inakula, Mama Joy. Ile mwaka ya ukame tuliahidiwa mahindi. Ikakuja, magunia ikajaa nyumba, watoto wakalala nje. Tulikaa nayo mpaka mvua. Hata panya ilikonda."

Asenath hakuwa mtu wa kubishana na kitu kilichosimama mbele yake. Alikivuta kiti hadi kivulini. Kilivutika vizuri, na magurudumu hayakupiga kelele. Akaweka juu yake mfuko wa mchele. Mfuko ukapita katikati ya kiti na kutua mchangani. Akakaa yeye mwenyewe, akajikuta chini, miguu juu. Dahabo alicheka hadi akashika nguzo ya ua.

"Niweke mimi, mama," Joy aliita kutoka kitandani, maana mlango ulikuwa wazi na alikuwa ameona yote. "Pengine kinachagua watu."

"Hakichagui."

"Niweke tu kidogo."

"Joy, hakibebi. Nimekaa nimeanguka. Unataka na wewe uanguke ndipo uamini?"

Baadaye Joy aliomba kiti kiwekwe mahali anapoweza kukiona, na Asenath akakiweka.

Ng'ombe wale walikula kama Dahabo alivyosema. Walimaliza nyasi za uani, wakateremka mtoni wakamaliza kishamba cha mpunga cha Asenath, kisha wakaingia cha jirani. Jirani alimshtaki kwa chifu. Chifu aliwatazama ng'ombe, akaona miti kupitia kwao, akauliza ni wa nani. Watu wakasema walikuwapo uwanjani na walipiga makofi: ni wa Mama Joy. Chifu akamwonya Asenath kwamba mwenye ng'ombe ndiye huchunga ng'ombe wake, na kwamba Garsen ilikuwa imeona damu ya kutosha kati ya wakulima na wafugaji bila yeye kuongeza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanamke mkulima wa Kipokomo wa upande ule wa mto kuonywa kwa kulisha mifugo kwenye mashamba ya watu.

Asenath aliwapeleka ng'ombe sokoni. Dalali mmoja aliwapenda sana, akasifu pembe, akasema yuko tayari kuwachukua wote siku hiyohiyo.

"Kwa pesa?"

"Kwa ahadi, mama. Ng'ombe wa ahadi hununuliwa kwa ahadi. Piga makofi tumalize."

Asenath aliwarudisha nyumbani. Njiani alipita kwa Bwana Zadock, akamkuta barazani anakunywa chai.

"Bwana Zadock, nimekuja kwa sababu ya kiti."

"Kimefika?"

"Kimefika."

"Basi tumshukuru Mungu."

"Kimefika lakini hakibebi mtu."

Bwana Zadock aliweka kikombe chini kwa upole. "Mama Joy, dada yangu, sikiliza. Mheshimiwa ametoa. Watu wamepiga makofi. Sasa unataka nimwendee nimwambie nini? Kwamba hatukutosheka?"

"Mwambie hakibebi."

"Tutamwita tena. Mambo haya huenda kwa hatua. Muhula wa tatu tunaandaa matembezi ya hisani, kutoka hapa hadi Minjila. Watu watatembea kwa ajili ya wasioweza kutembea. Unaionaje?"

"Naona wataota sugu na mwanangu atabaki kitandani."

Bwana Zadock alicheka sana. Alisema siku zote kwamba Mama Joy ana mdomo.

Matembezi yalifanyika Septemba, wiki shule zilipofunguliwa. Watu walivaa fulana nyeupe zenye picha ya mguu. Asenath alimpeleka Joy mgongoni, kwa sababu Bwana Zadock alikuwa ameahidi kwamba safari hii atalitaja jambo la kiti kwa Mheshimiwa, na Asenath alitaka kuwapo. Alikuta vijana wa kamati wameshafika kwake kwa njia nyingine, wamekichukua kiti, wamekifunga riboni na kukisimamisha kwenye mstari wa kuanzia. Mpiga picha alikuwa amepiga goti mbele yake.

"Picha moja tu," alisema Bwana Zadock. "Ya wafadhili. Mtoto akiwa amekaa."

"Hakibebi. Nimekijaribu kwa mchele, nimekijaribu kwa makalio yangu."

"Mama, usituharibie shughuli mbele ya mgeni."

Mgeni alikuwa ameshamfikia Asenath. Mheshimiwa Dukicha aliushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, akamwambia mama ni mama, akamuuliza ametoka ukoo gani, akasema alimjua mtu wa ukoo huo, mtu mwema sana. Hakumwachia mkono. Nyuma ya Asenath vijana wawili walikuwa wakifungua leso.

"Msinikalishe," Joy aliwaambia. "Hakibebi."

"Usiogope, mdogo wetu. Ni kipya."

Wakamkalisha. Joy alipita katikati ya kiti kama jiwe linavyopita majini, akafika chini, na paja lake la kulia likavunjika. Ukelele wake ulisikika hadi soko la mifugo. Mpiga picha alikuwa ameshawahi. Picha ilimkamata Joy akiwa bado yuko kwenye usawa wa kiti, na asiyejua angesema amekaa vizuri. Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa akapuliza filimbi, na matembezi yakaanza.

Watu walikuwa wengi na barabara ilikuwa nyembamba, kwa hiyo walimzunguka Joy kwa adabu, hawa kushoto, hawa kulia. Hakuna aliyemkanyaga. Baadhi walisema pole. Mwanamume mmoja alimvulia kofia.

Asenath, ambaye Garsen nzima ilijua hajawahi kukosa neno, alifungua mdomo na neno halikutoka. Alikuwa amepiga magoti, ameshika kichwa cha mwanawe, mdomo wazi, akitazama viatu vikipita. Alipoinua macho kutafuta uso mmoja wenye hofu kama yake, aliona nyuso za watu wanaokwenda Minjila. Wa mwisho kupita alikuwa bibi mzee mwenye fimbo, aliyeinama akamwambia, "Hongera, mwanangu. Mtoto amepata kiti."

Dahabo ndiye aliyewasaidia kufika zahanati, akishika miguu huku Asenath akishika mabega. Joy alifungwa plasta kuanzia kiunoni hadi kifundo cha mguu. Mhudumu alisema mifupa ya mtoto asiyetembea huwa myepesi kama ya ndege, na kwamba haifai kumkalisha kwenye kitu kisichobeba. Asenath alimjibu kwa kutikisa kichwa. Sauti yake ilirudi siku ya pili.

Matembezi yalipofika Minjila, kipaza sauti kilikuwa kinasubiri. Mheshimiwa alipata habari kwamba mtoto ameumia, akaguswa. Watu waliokuwapo walisema macho yake yalilengalenga machozi. Alisema kiti ni kitu kidogo. Alisema hatakubali mtoto wa Garsen ashindwe na viti. "Nawaahidi," alisema, "mtoto huyu atatembea kwa miguu yake mwenyewe hadi chumba cha mtihani!" Makofi ya Minjila yalikuwa makubwa kuliko ya uwanjani.

Jumatatu asubuhi Asenath alikuwa akikoroga uji aliposikia mlango. Msichana mwenye sare ya shule aliingia, akavua viatu, akasimama kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Wako."

Asenath alimwangalia. Kovu la kidevuni lilikuwa mahali pake, pengo la meno mahali pake. Kalenda ya ukutani ilionekana kupitia kifua chake, hadi tarehe zilisomeka. Alisimama wima bila kushika chochote, magoti yamenyooka.

Joy alimtazama kwa muda mrefu kutoka kitandani.

"Kumbe mimi ni mrefu," alisema.

Yule msichana alikunywa uji bakuli mbili na bado alikuwa na njaa. Kisha akachukua njia ya shule. Tangu siku hiyo alikwenda kila asubuhi na kurudi kila jioni. Hakuwa na tabia mbaya. Aliamkia watu, alifagia ingawa ufagio ulimpita mkononi, na jioni Joy alipomuuliza wamefundishwa nini, alijibu kwamba walifundishwa vizuri. Aliweza kutembea kuliko mtoto yeyote wa mtaa ule. Alikwenda hadi mtoni na kurudi bila sababu, kwa ajili ya kwenda tu, na Joy alimsihi asimulie, naye alisema aliona njia.

Asenath alikwenda shuleni.

"Bwana Iha, Joy yuko kitandani na plasta. Nataka apelekewe kazi nyumbani, na siku ya mtihani nitamleta."

"Joy? Joy hajakosa hata siku moja tangu Jumatatu ile."

"Umemwona?"

"Kwa macho yangu. Dawati la dirishani."

"Umeona na ukuta nyuma yake?"

"Ukuta ni wa shule, Mama Joy. Lazima niuone."

"Mwalimu akimuuliza swali, anajibu nini?"

Bwana Iha alifikiri kwa haki. "Anatabasamu. Wenzake wengi hata hilo hawafanyi."

"Bwana Iha, wewe mwenyewe ulisema unaogopa mtoto huyu akiinua macho. Huyo wa dirishani umeshamwogopa?"

Mwalimu mkuu alinyoosha vitabu mezani ambavyo vilikuwa tayari vimenyooka. "Nilitaka mtoto wa kila siku," alisema. "Nimempata wa kila siku. Na Mheshimiwa alitangaza mbele ya watu. Mimi ni nani?"

Bwana Zadock naye alifurahi sana. Alimchukua yule anayetembea siku za Jumamosi, akampeleka Hola, akampeleka Bura kwenye mashamba ya mifereji, akamsimamisha mbele ya watu na kumwambia atembee. Alitembea jukwaa zima, kutoka mwisho hadi mwisho, na akina mama wenye watoto mgongoni walilia. Kwa upande wa chama, Joy alikuwa amepona, na waliopona hawaombewi kiti.

Joy alisoma kitandani. Vitabu alishikiwa na Dahabo, ambaye hakujua kusoma na aliwahi kukishika kimoja juu chini asubuhi nzima. Joy alikisoma hivyohivyo ili asimwaibishe. Hesabu alizifanya kichwani, akimwambia mama yake majibu, na Asenath akiyakagua nyuma ya kitabu huku akimenya ndizi. Alikuwa akipata yote.

"Mtihani ni wangu," alisema usiku wa kuamkia siku yenyewe. "Miguu achukue. Mtihani ni wangu."

"Kesho utakuwa pale," alisema Asenath.

Dahabo alimsumbua kaka yake hadi akamwazima mkokoteni wa punda, ule wa kuuzia maji mjini. Walitandika godoro, wakamlaza Joy juu yake na plasta yake, penseli mbili na ufutio mfukoni. Yule anayetembea alikuwa ameshatangulia. Walipofika uwanjani mwa shule, wanafunzi walikuwa wakiingia kwa mstari. Msimamizi wa mtihani, kijana aliyetumwa kutoka wilaya nyingine, aliusimamisha mkokoteni mlangoni.

"Nani huyu?"

"Joy," alisema Asenath. "Mtahiniwa."

"Joy ameshaingia." Akaonyesha dawati la dirishani.

"Yule hawezi hata kushika penseli. Mwite, mpe penseli uone."

Msimamizi alimgeukia mwalimu mkuu. Bwana Iha alikuwa akiviangalia viatu vyake.

"Bwana Iha, mwambie."

"Namba ya mtahiniwa ni moja," alisema Bwana Iha. "Namba moja, mtoto mmoja."

"Na mtoto ni yupi?"

"Aliyekuwa akihudhuria, Mama Joy."

Asenath aliwatazama wale watu wawili, wanaume wenye elimu, wenye watoto wao nyumbani, ambao hawakuwa na hasira wala haya, akaificha mikono yake ndani ya leso. Dahabo alimwambia msimamizi jambo kwa Kiorma. Msimamizi hakulielewa, na ilikuwa heri kwake. Mlango ukafungwa.

"Nipelekeni dirishani," alisema Joy.

Waliusukuma mkokoteni hadi chini ya dirisha na kumwinua Joy kwa mito. Yule anayetembea alikuwa ameketi, mgongo umenyooka, karatasi ya hesabu imelala mbele yake, na kwa kuwa mgongo wake ulipitisha mwanga, Joy aliweza kuyasoma maswali kupitia kwake, moja baada ya jingine, kwa herufi zilizofifia kidogo. Midomo ya Joy ilianza kutembea. Msimamizi aliliona hilo, akaja dirishani, akasikiliza. Hakukuwa na sauti, na mtu aliye nje hakuwa mtahiniwa, kwa hiyo hakukuwa na kosa. Akarudi mbele.

Jua lilipanda. Dahabo alimkinga Joy kwa leso. Joy alimaliza mapema kuliko darasa zima, akarudia tangu mwanzo, akabadilisha jibu moja, akafumba macho. Ndani, yule mwingine alikuwa ameweka mkono wake juu ya penseli tangu mwanzo. Penseli ililala ndani ya mkono wake kama samaki ndani ya maji. Kengele ilipolia, msimamizi aliikusanya karatasi yake ikiwa safi, akaiweka katikati ya nyingine kwa uangalifu uleule, akazitia ndani ya bahasha na kuifunga.

Wanafunzi walitoka mbio. Yule anayetembea alitoka polepole, akaja kusimama karibu na mkokoteni.

"Ile ya tangi la maji," Joy alimuuliza, "uliandika ngapi?"

"Sikuandika."

"Lita mia tisa."

"Mimi niliahidiwa kutembea hadi chumba cha mtihani," alisema yule msichana. "Nilitembea, nikafika. Sikuahidiwa hesabu."

Joy aliliwaza jambo hilo kama alivyowaza kila swali, kwa haki, hadi mwisho.

"Ni kweli," alisema. "Si kosa lako."

Langoni walikutana na Bwana Zadock, ameegesha gari, amevaa ile suti ya kijivu. Alimpungia mkono yule anayetembea.

"Joy! Hongera kwa mtihani! Jumamosi tuko Ndera, kuna mtoto mdogo kule, mama yake anaitwa Dama, anakusubiri sana akuone. Uvae sare."

"Sawa, baba."

Kisha Bwana Zadock aliona mkokoteni, godoro, na msichana aliyelala juu yake na plasta. Alijitahidi kweli kukumbuka. Aliinama kidogo, kama mtu mwenye heshima zake anavyowainamia wagonjwa.

"Pole sana, mwanangu," alisema. Akamgeukia Asenath. "Na huyu ni nani wenu?"

Asenath alimtazama. Dahabo akasubiri amjibu, na Joy akasubiri, na punda akasubiri. Mwishowe Dahabo ndiye aliyemchapa punda, na mkokoteni ukaondoka.

Nyumbani, baada ya Joy kulazwa na kugeuzwa ubavu, Asenath alibandika maji ya ugali. Alipima unga wa watu wawili. Akatazama mlangoni, ambapo yule anayetembea alikuwa akijipangusa vumbi la miguuni kabla ya kuingia, akaongeza wa mtu wa tatu.